Hayakuhusu

Likizo yangu ya siku ishirini na nane
nimeimaliza kifudifudi, mkono ndani ya pampu.
Ofisini wanadhani nimekwenda Lushoto.

Huku Mabwepande lami imeishia kwa muuza saruji,
na mwezi wa pili jua linaamka na hasira zake za jana.
Kabla ya saa moja nimeshafagia banda,
nimehesabu kanga: kumi na mmoja. Jana walikuwa kumi na wawili.
Kicheche haombi ruhusa.
Matembele nimeyamwagia maji ya kuoshea vyombo,
maana tenki nikiligonga linaitika kama ngoma.

Mbwa wetu anaitwa Hayakuhusu.
Mwajabu, mke wangu, ndiye aliyempa jina
mwaka ule tulipogombana na jirani juu ya mpaka.
Kila jioni alisimama uani, akapaza sauti:
Hayakuhusu! Hayakuhusu wee!
Jirani alishahama. Jina limebaki,
na mbwa analibeba bila kinyongo,
sikio moja limesimama, jingine limekata tamaa.

Paka hana jina. Tulimwita hakuja,
tukaona tusipoteze maneno.

Sasa pampu. Nimeifungua mara tano.
Washa nimekata kwenye mpira wa baiskeli ya Kidawa,
bushi nimechonga kwa kisigino cha kandambili,
na kila nikimaliza kufunga inabaki nati moja,
wala si ile ya jana.
Shemeji Mbaruku, fundi simu wa Tegeta,
aliitegea sikio kama daktari,
akasema, "Hii kapasita," akala ugali, akaondoka.
Nikanunua kapasita.
Haikuwa kapasita.

Inanguruma vizuri. Maji nayasikia yakipanda kutoka kisimani.
Tenki halijai.
"Kama mshahara wako," anasema Mwajabu,
"kuingia unaingia."

Mchana bati linakuwa kikaango.
Kanga wanahema chini ya toroli, midomo wazi,
paka amemwagika sakafuni kama uji,
na Hayakuhusu yuko pale pale pa siku zote,
chini ya mpapai unaozaa kuliko wenzake,
ndani ya shimo alilochimba mwenyewe,
macho nusu, kama mstaafu aliyelipwa mafao yake yote.

Kidawa, miaka tisa, amekalia ndoo iliyogeuzwa.
"Baba, mbona tumbo la Hayakuhusu lina tope?"

Nikamwambia mbwa ni mbwa, niletee spana namba kumi na tatu.
Akaleta. Nikaipokea. Nikabaki nimeishika.

Tope.
Mvua ya mwisho tuliiona Desemba.

Mapigo manne ya jembe, basi.
Bomba lilikuwa na ufa wa urefu wa kidole,
linaunyonyesha mpapai, linampoza mbwa,
na mimi siku kumi na tisa nampasua mgonjwa asiyeumwa,
huku mwenye jibu amelilalia,
ananitikisia mkia kila nikipita.

Nikafunga ufa kwa mpira, vibano viwili, na matusi machache.
Saa kumi na mbili tenki likaanza kunong'ona,
saa mbili likafurika.
Mwajabu alioga ndoo mbili nzima
na kuimba bafuni, jambo ambalo hajalifanya tangu Idi.

Hayakuhusu alipazunguka pale nilipofukia mara tatu,
akachimba, akakuta vumbi,
akakaa kitako akanitazama.
Hata meneja hajawahi kunitazama vile.

Basi usiku, wenzangu wamelala,
nimetoka na tochi na ile namba kumi na tatu,
nimefukua kidogo, nimelegeza kibano robo ya mzunguko.
Tone.
Nikahesabu mpaka sita.
Tone.

Kesho Mwajabu akiuliza tenki linapunguaje,
nitasimama uani
nimwite mbwa kwa jina lake.